Ukurasa wa Kumi na Nne wa Mwalimu Terraza

Mwalimu Nilda Zelarayán hakuwa na kawaida ya kuingia darasani akasabahi. Aliingia, akatua mkoba mezani, akauliza, "Kumetokea nini?" na aliyekuwa wa kwanza kuyakwepa macho yake ndiye aliyetajwa jina. Kama hukujua lolote lililotokea tangu jana, ulisimama. Hukuchapwa wala hukufukuzwa. Ulisimama tu mpaka useme habari moja na uieleze, ndipo ukapewa ruhusa ya kuketi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa mchepuo wa uchumi katika sekondari ya mji wa Tafí Viejo walimpachika jina la Bi. Taarifa. Alilijua, na halikumkosesha usingizi.

"Leandro, kumetokea nini?"

"Hamna kitu, Mwalimu. Kabisa."

"Dunia nzima imelala?"

"Labda. Kwetu umeme ulikatika."

"Na hiyo si habari? Umekatika kwa nini? Bili imepanda mara ngapi mwaka huu? Simama, bwana mkubwa."

Leandro akasimama, akakuna shingo. "Basi, timu imemuuza yule winga."

Darasa likaangua kicheko. Nilda hakucheka. Alivuta kiti akakaa.

"Imemuuza wapi?"

"Meksiko."

"Kwa fedha gani?"

"Dola, Mwalimu. Meksiko nani atapokea peso zetu?"

"Na wachezaji waliobaki wanalipwa kwa fedha gani?"

"Peso."

"Sasa niambie, mwezi huu nani anacheka pale klabuni na nani analia?"

Leandro akafikiri, na ilikuwa raha kumwona akifikiri kwa sababu hakuwa na mazoea hayo. "Mwenyekiti anacheka. Kocha analia. Na wale wachezaji, Mwalimu, hawajui bado kama inabidi walie."

"Keti. Umenipunguzia nusu saa ya kazi."

Ndivyo alivyofundisha kwa miaka thelathini. Alishikilia kwamba mtu anayesoma uchumi bila kufuata habari ni kama anayejifunza kuogelea akiwa kitandani: mikono inakwenda vizuri sana, lakini hajawahi kulowa. Wenzake walimwona ana makuu. Wengine walisema ni mgomvi wa kuzaliwa, na hapo hawakukosea sana.

Lakini ugomvi huo ulikuwa na asili yake. Baba yake, Mzee Belisario, alichemsha sukari kiwandani tangu ujana, na aliamini kwamba taarifa za redio ni mambo ya wenye nafasi. Mwezi mzima majirani walimwambia, "Belisario, wanasema serikali itafunga viwanda." Yeye akajibu kwamba miwa bado imesimama shambani, sasa watafungaje? Karakana ya reli ilikuwa ikiandika watu kazi siku zile zile. Hakwenda. Asubuhi moja alitoka alfajiri na chakula chake kwenye kitambaa, akakuta lango limefungwa kwa minyororo na askari wamepanga mstari mbele yake. Karibu kila mtu mtaani alikuwa ameshasikia tangu jana yake. Alirudi saa nne, akafungua kitambaa pale pale mezani kwake, akala kile chakula cha kiwandani bila kumwangalia mtu. Nilda alikuwa na miaka sita. Hakuwahi kumsamehe aliyefunga kiwanda, na ilimchukua muda mrefu kumsamehe baba yake kwa kutosikiliza.

Sasa, mtu wa namna hiyo ukimweka chumba kimoja cha walimu na Mwalimu Hugo Terraza, unategemea nini?

Terraza alikuwa mkuu wa idara ya uchumi, mtu nadhifu, shati limepigwa pasi hata siku za joto la kuyeyusha lami. Akiwa kijana wa miaka thelathini aliandika kijitabu kwa mashine ya taipu, kurasa ishirini na saba, na tuseme ukweli, wakati ule kilikuwa kizuri. Duka la fotokopi lililo mkabala na shule likatoa kopi, na kopi ya kopi, na kopi ya kopi hiyo. Kaka alimwachia mdogo wake, mdogo akamwachia binamu. Herufi zilifutika mpaka neno "mahitaji" likasomeka kama doa la kahawa. Na ukurasa wa kumi na nne ukabaki vile vile tangu miaka ya tisini: peso moja ni sawa na dola moja, na mfumuko wa bei katika nchi yetu umeshindwa moja kwa moja.

Miaka ile ilikuwa kweli, sheria ilisema hivyo. Kisha sheria ikaporomoka, mabenki yakafunga milango, watu wakatoka barabarani kuandamana wakigonga sufuria, na tangu hapo peso imekuwa ikiteremka kama mtu aliyekosa ngazi. Mtoto anayetumwa mkate anajua. Lakini kwenye mtihani wa idara, jibu sahihi lilibaki ni lile la ukurasa wa kumi na nne. Wanafunzi walilikariri, wakaliandika, wakapata alama, wakatoka nje wakanunua soda kwa bei iliyopanda tangu Jumatatu. Hakuna aliyeona ajabu. Watu wa huku tumezoea kuishi na namba mbili, moja ya karatasini na moja ya mtaani, kiasi kwamba anayeuliza ipi ni ya kweli ndiye anayeonekana mshamba.

"Hugo," Nilda alimwambia kila mwaka mwezi wa tatu, shule zinapofunguliwa, "ule ukurasa uchane."

"Nilda, usituletee siasa darasani."

"Bei ya mkate ndiyo siasa?"

"Mimi nafundisha kanuni. Habari zinapita."

"Zinapita, ndiyo. Zinapita zikitukanyaga."

Walimu wengine walishika vikombe vyao wakatazama dirishani.

Mwaka ninaousimulia ni ule ambao dola ilipaa tena, na ndio mwaka wa Yamila Soraire. Yamila alikuwa binti mwembamba mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Mama yake, Delfina, alifungasha malimau kwenye kiwanda cha matunda, na msimu ulipopamba moto Yamila naye alikwenda kufungasha. Kwa hiyo alikosa majaribio mawili ya katikati ya mwaka, na kwa utaratibu wa shule ilibidi afanye mtihani wa mdomo mwezi wa kumi na mbili mbele ya walimu watatu. Lakini kwenye swali la "Kumetokea nini?" hakuna aliyemfikia. Alisoma magazeti yaliyotumika kufungia malimau. Alisikiliza redio ya msimamizi kiwandani. Siku moja alisimama mwenyewe bila kutajwa, akaeleza kwa nini ukame wa nchi jirani umepandisha bei ya unga mtaani kwao, na Nilda akalazimika kugeukia ubao ili darasa lisimwone anavyofurahi.

Yamila alitaka kwenda chuo kikuu kule mjini, San Miguel, kusoma uchumi. Alikuwa amefaulu masomo yote isipokuwa hilo moja. Mtihani ulipangwa Ijumaa saa tatu asubuhi, na dirisha la kujiandikisha chuoni lilikuwa linafungwa Ijumaa hiyo hiyo saa saba mchana. Akifeli, mtihani wa marudio ni mwezi wa pili, na mwezi wa pili malimau yanaanza tena. Kila mtu Tafí Viejo anajua msichana anayerudi kufungasha "kwa msimu mmoja tu" anarudi kwa misimu mingapi.

Alhamisi Delfina alikuja shuleni na aproni ya kazini, mikono imechubuliwa na maji ya malimau.

"Mwalimu Nilda, mimi sikusoma. Lakini naambiwa mwenyekiti wa mtihani ni yule bwana wa kijitabu."

"Ndiye."

"Na naambiwa mwanangu anasema hatajibu ya kijitabu."

Nilda hakuwa na habari hiyo. Ilimpendeza na kumtisha kwa pamoja.

"Mwambie wewe," Delfina alisema. "Wewe ndiye uliyemtia huo ukaidi. Mimi nikimwambia ananiona mjinga. Ajibu vile yule bwana anavyotaka, apate karatasi yake, aondoke. Huko mbele atasema ukweli mpaka achoke. Nakuomba, Mwalimu, usimpeleke mtoto wangu vitani kupigana vita vyako."

Nilda alimwita Yamila ukumbini. Alimwambia asome kurasa zote ishirini na saba, aziseme kama zilivyo, aondoke na alama yake. Alisema haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Hata wa kumi na nne, Mwalimu?"

"Hata huo."

"Sawa, Mwalimu," Yamila alisema, akaenda zake. Nilda alirudi nyumbani akiona haya mbele ya kila kibanda cha magazeti alichokipita.

Ijumaa walimu watatu walikaa nyuma ya meza ndefu. Terraza katikati, kalamu mkononi na daftari la matokeo mbele yake. Nilda kulia. Kushoto alikaa Luján Argañaraz, mwanamke kijana, mwalimu wa muda wa hesabu za biashara, ambaye vipindi vyake vya mwaka ujao vilikuwa bado mikononi mwa Terraza. Mezani kulikuwa na kitunga cha mviringo cha waya chenye gololi za mbao zenye namba. Mwanafunzi anakizungusha, gololi inaanguka, na namba yake ndiyo mada yako, uipende usiipende.

Yamila alizungusha. Ikatoka namba tano.

"Fedha na thamani yake," Terraza alisoma, na akaonekana kuridhika. "Tuanzie ukurasa wa kumi na nne, binti. Unasemaje?"

"Unasema peso moja ni sawa na dola moja, Mwalimu."

Nilda alishusha pumzi. Alichukia nafuu aliyoipata, lakini aliipata. Terraza alishaanza kuandika.

"Vizuri. Na hiyo inamaanisha nini kwa mwananchi?"

Yamila akaingiza mkono mfukoni mwa sare yake. Akatoa sarafu ya peso moja, akaiweka juu ya meza mbele ya Terraza, akaisogeza kwa kidole kimoja.

"Inamaanisha naomba dola yangu, Mwalimu."

Luján alifunika mdomo.

"Umesema nini?"

"Kama ukurasa unasema kweli, nipe dola moja uchukue hiyo. Na kama huna, niruhusu nijibu swali."

Na kabla ya Terraza kumruhusu au kumkataza, Yamila akajibu. Alisema mwezi wa nne dola ilikuwa peso ishirini na jana jioni ilifungwa kwa thelathini na nane. Alisema sanduku la malimau linauzwa ng'ambo kwa dola lakini mama yake analipwa peso. Kwa hiyo sanduku lile lile, kwa mikono ile ile, limemletea mwenye mali karibu mara mbili, na mama yake nyongeza isiyofikia hata robo. Ngano nayo inauzwa nje kwa dola, ndiyo maana mama anayefungasha malimau ya dola anarudi nyumbani kula mkate wa bei ya dola kwa mshahara wa peso. "Hiyo ndiyo thamani ya fedha, Mwalimu. Sikuipata kwenye kijitabu. Niliisikia redioni, nikaisoma gazetini, nikaiona kwenye meza yetu."

"Toka nje," Terraza alisema. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Usubiri barazani."

Mlango ulipofungwa aliandika mbili. Mbili kati ya kumi, na kufaulu ni sita.

"Ufedhuli haufaulu," alisema. "Wekeni sahihi."

"Siweki," Nilda alisema.

"Kura ni mbili kati ya tatu. Yako siihitaji."

"Basi usiihitaji. Lakini utanisikiliza. Yule mtoto jana nilimpigia magoti akariri uongo wako, Hugo. Mimi! Miaka na miaka naupigia kelele ule ukurasa, na jana niliogopa nikamfundisha kupiga goti. Leo amesimama mwenyewe, na wewe unampa mbili kwa sababu amesoma somo lako kuliko unavyolijua."

"Anasoma magazeti. Hilo si somo."

"Ndilo somo! Kijitabu chako ndicho gazeti, Hugo. Gazeti la miaka ishirini iliyopita, na wewe bado unalisoma asubuhi."

Terraza alimgeukia Luján, na sauti yake ikawa laini. "Mwalimu Luján, vipindi vyako vya mwaka ujao tutavipanga wiki ijayo. Sahihi yako hapa, tafadhali."

Luján aliichukua kalamu. Alikuwa na mtoto mchanga na kodi ya nyumba, na Nilda alijua hivyo, kwa hiyo hakumwambia neno. Alibaki ameuma meno, anaitazama ile kalamu.

Mlango ukafunguliwa kwa kiuno. Mama Chela, mhudumu wa shule, aliingia na sinia la kahawa na maandazi yaliyojaa maziwa matamu. Aliwasalimu wote kwa salamu ambayo mtu wa nchi hii humpa mwenzake akiingia popote, iwe kinyozi, iwe msibani:

"Imefika ngapi?"

Huku hakuna anayeuliza kitu gani kimefika. Ni kimoja tu.

"Thelathini na nane na nusu," Terraza alisema, macho yake kwenye daftari. "Imepanda tangu ilipofunguliwa asubuhi, na wanasema itafika arobaini kabla ya Krismasi. Kama una chochote, Chela, usikae nacho kwenye peso."

"Yesu na Maria," Mama Chela alisema. "Ahsante, Mwalimu. Wewe ndiye mtu wa kuulizwa mambo haya." Akaweka kahawa, akatoka.

Mlango ulijifunga polepole. Hakuna aliyegusa kikombe. Terraza alikuwa bado na kalamu juu ya ile mbili aliyoiandika, na uso wake ulibadilika kidogo kidogo, kadiri alivyokuwa akikisikia alichokisema mwenyewe.

Luján ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani kwanza, akajaribu kukizuia na kiganja, kikamshinda. Alicheka mpaka akalaza kichwa mezani, machozi yakamtoka. Alipojiinua, alifuta macho.

"Mimi nampa nane," alisema. "Vipindi vyangu nyima, Mwalimu Terraza. Mume wangu atapiga kelele, mimi nitamweleza hadithi hii, naye atacheka."

"Nane," Nilda alisema.

Terraza aliitazama ile sarafu. Kisha akakata mbili kwa mstari mmoja ulionyooka, kwa sababu hata katika kushindwa alikuwa mtu nadhifu, akaandika nane juu yake. Nilda na Luján wakaweka sahihi. Yeye hakuweka. Alisema kanuni zitabaki kanuni, akaanza kunywa kahawa ambayo haikuwa na sukari.

Barazani Yamila alikuwa ameegemea ukuta, mikono nyuma. Kwenye lango mama yake alikuwa amekaa juu ya pikipiki aliyoazima, injini inanguruma. Ilikuwa saa tano na robo.

"Nane," Nilda alimwambia, akampa karatasi.

Yamila aliisoma mara mbili. "Kwa nini si kumi?"

"Kwa utovu wa adabu."

"Nilikuwa na adabu, Mwalimu. Nilisema naomba."

Nilda alitaka kucheka, akajizuia. "Yamila, jana nilikwambia ukaseme uongo. Niliogopa. Niliona wewe ndiye utakayelipia kelele zangu, nikaogopa sana. Nisamehe."

"Nilijua umeogopa. Ulikuwa unavitazama viatu vyako muda wote."

"Na hukunisikiliza."

"Ningekusikiliza vipi?" Yamila alikuwa ameshaanza kwenda, akirudi kinyumenyume kuelekea langoni. "Huko chuoni wakiniuliza nimefundishwa na nani, ningewatajia jina la nani?"

Delfina alipiga honi mara tatu. "Yamila! Wanafunga saa saba! Mtazungumza mkizeeka!"

Waliondoka bila kofia ngumu, karatasi imetiwa ndani ya blauzi, wakakunja kona ya reli. Nilda alibaki barazani akilia waziwazi, na walimu waliopita walipomwuliza kuna nini, aliwajibu kwa ukali kwamba hana shida yoyote, ana furaha, na wamwache alie.